Seti ya soketi za tundu kwa nati ya juu ya shokapu: inashika rodi, haivunji kutu

Nati ya juu ya shokapu ya mbele ina ukaidi wa peke yake. Nati ya gurudumu ikigoma, unaongeza urefu wa mpini na uzito wa mwili, mwishowe inaachia. Hii ya shokapu imefungwa kwenye ncha ya rodi inayozunguka kwa uhuru ndani ya silinda ya mafuta. Ukiongeza nguvu, rodi nzima inazunguka pamoja na nati, na unaweza kuzungusha hivyo hadi jioni bila nati kupanda hata kidogo. Seti ya soketi za tundu imetengenezwa kwa tatizo hilo peke yake: kuishika rodi huku nati ikifunguliwa. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Ila wengi huinunua wakidhani itavunja kutu, na hapo ndipo inapovunjika yenyewe.

Seti ya aina hii inauzwa kwa majina mengi, umbo likiwa karibu lilelile. Tofauti ya kweli ni chuma kilichotumika na unene wa kuta za soketi, kwa hiyo tunaitathmini kama aina ya kifaa, tukionyesha pa kuangalia kabla ya kulipa.

Ndani ya sanduku utakuta soketi ndefu zilizo wazi kutoka juu hadi chini, kwa kawaida saizi za mm 16, 17, 18, 19, 21 na 22, mara nyingine na 24. Sehemu ya juu ya kila soketi imechongwa pembe sita kwa nje ili ishikwe na spana ya ringi, au na racheti yenye kichwa wazi inayokuja na seti. Katikati ya soketi hupita biti ya kushika rodi: heksi (za pembe sita) za mm 5, 6, 7, 8 na zaidi, biti kadhaa za Torx (za umbo la nyota), na vishikizi vya kike, yaani vyenye shimo, kwa rodi ambazo ncha yake imechongwa bapa pande mbili. Biti nayo inashikwa na mpini wenye umbo la T au racheti ndogo. Mkono mmoja unashika mpini wa biti usisogee, mkono mwingine unazungusha soketi. Wazo zima ni hilo, na ni wazo zuri.

Kabla ya kununua, fungua boneti na uangalie ncha ya rodi ya gari lako. Ondoa kofia ya plastiki au ya mpira iliyo katikati ya mautingi, kile kikalio cha juu kinachofunga shokapu kwenye bodi. Kwenye magari mengine itabidi utoe kwanza mikono ya waipa na plastiki iliyo chini ya kioo. Safisha ncha kwa brashi ya waya mpaka uone umbo lake. Tundu la pembe sita, tundu la nyota, au ncha iliyochongwa bapa, vyote vinashikika kwa seti hii endapo saizi yako imo. Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, kwa mfano, ina nati ya mm 21 na tundu la heksi la mm 7. Saizi hiyo ya 7 haipo kwenye seti nyingi za kawaida za alenki (funguo za pembe sita zilizopinda), na kwa mwenye gari kama hilo soketi za tundu zinajilipa kwa kazi moja. Ila kuna magari ambayo rodi yake haina tundu wala ubapa unaofikika kwa juu. Huko mtengenezaji alikusudia kibao cha juu cha springi ndicho kishikwe kwa kifaa maalumu. Ukiwa na gari la namna hiyo, seti hii haina la kukusaidia na pesa yako iende kwingine. Kumbuka pia kwamba shokapu iliyowahi kubadilishwa inaweza kuwa na nati na tundu tofauti na za kiwandani, kwa hiyo pima iliyopo mbele yako, usitegemee kitabu peke yake.

Pima pia nafasi. Kwenye mautingi nyingi nati imezama ndani ya kikombe cha chuma, na soketi ya mm 22 yenye ukuta mnene inaweza kugonga kingo za kikombe kabla haijaikalia nati. Soketi isiyoshuka mpaka chini inashika nusu ya urefu wa nati, na nusu ya urefu ndiyo njia fupi ya kula pembe zake.

Sasa kwa nini rodi inazunguka, maana ukielewa hili utajua lini seti itafaulu na lini itakushinda. Nati ikiwa imekazwa vizuri, nguvu unayoweka kwenye spana haiendi mahali pamoja. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya uso wa nati, karibu asilimia 40 na msuguano wa nyuzi, na inayobaki, kama asilimia 10, ndiyo inayovuta bolti. Rodi inasukumwa kuzunguka na ule msuguano wa nyuzi. Wakati nati bado imebana, bega la rodi limekandamizwa kwenye chuma cha ndani cha mautingi, na mkandamizo huo unasaidia kuishika. Ukishaifungua kidogo tu, mkandamizo unapotea. Kinachobaki ni nyuzi peke yake, na kama zina kutu, au nati ni ile yenye pete ya nailoni ndani, msuguano huo wote unahamia kwenye rodi ambayo haina tena kinachoishika. Ndiyo maana nati nyingi huanza vizuri, zinaachia kwa mlio, halafu baada ya robo mzunguko zinaanza kuzunguka na rodi.

Hapo biti ndiyo inayobeba mzigo. Uwezo wa biti kustahimili kusokotwa unakua kwa mchemraba wa kipenyo chake: biti ya mm 6 ina nguvu kama mara 1.7 ya biti ya mm 5 ya chuma kilekile, na ya mm 8 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mm 6. Gari lenye rodi ya mm 5 linahitaji uangalifu ambao lenye mm 8 halihitaji. Na katika gari lolote, kila nyuzi iliyosafishwa juu ya nati ni mzigo unaoiondolea biti.

Kwa hiyo nusu ya mafanikio ya kifaa hiki iko kwenye brashi ya waya. Nyuzi zilizo juu ya nati ndizo nati itakazopitia ikipanda. Zikiwa zimejaa kutu, kila mzunguko utakuwa mgumu kuliko uliopita, kwa kuwa nati inakusanya unga wa kutu na kuukandamiza mbele yake. Sugua kwa brashi mpaka chuma king'ae ndani ya mabonde ya nyuzi, siyo juu ya vilele tu. Tundu la heksi nalo lisafishwe kwa sindano nene au bisibisi nyembamba mpaka uone chini. Biti inayokaa juu ya tope la kutu inaingia nusu ya kina, nayo ndiyo inayoteleza na kulikata tundu. Baada ya hapo nyunyiza mafuta ya kupenyeza kutu, kidogo, yakae usiku kucha ikiwezekana, kisha yarudie asubuhi. WD-40 ya kawaida ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Inasaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kutu hufanya kazi hii vizuri zaidi. Mafuta yoyote yasifike kwenye diski wala pedi za breki.

Hatua ya kwanza ya kufungua hufanyika shokapu ikiwa bado garini, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na zile nati ndogo zinazofunga mautingi kwenye bodi, aghalabu tatu, zikiwa hazijaguswa. Uzito wa gari na msukumo wa springi vinaipa rodi msuguano wa kujishika, na bodi nzima inakuwa jiliwa lako. Ingiza soketi mpaka ikae chini kabisa, pitisha biti, igonge kidogo kwa nyundo izame kwenye tundu, halafu zungusha nati robo mzunguko. Isizidi hapo. Kwenye nyuzi za hatua ya mm 1.25, yaani umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata, robo mzunguko ni kama mm 0.3 tu, kwa hiyo nati bado imeshika nyuzi zake zote na springi haijapata mwanya. Lengo ni kuvunja mshiko wa kwanza.

Hapa lazima tuseme kwa sauti: nati hii ndiyo kizuizi pekee kati yako na springi iliyobanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Ikitoka kabla springi haijabanwa kwa vibana vyake, mautingi inarushwa, na imeshaua watu. Robo mzunguko garini, basi. Kinachofuata ni kutoa shokapu nzima, kuibana springi, ndipo nati itoke.

Kubana kunastahili subira kuliko hatua nyingine yoyote. Vibana viwili viwekwe pande zinazotazamana sawasawa, kulabu zishike koili nyingi kadiri inavyowezekana, pini za usalama ziingizwe kama vibana vinazo. Paka grisi kwenye skrubu zake. Kaza kwa mkono, mizunguko michache upande mmoja, mizunguko ileile upande wa pili, ili springi isipinde. Mashine ya kufungulia nati kwa mapigo haifai kwenye vibana. Inakula nyuzi zake, na kibana chenye nyuzi zilizochoka ni hatari tupu. Acha kubana pale springi inapoachia vibao vyake na unaweza kuitikisa kwa mkono. Ukiendelea zaidi ya hapo unaongeza nguvu iliyofungiwa bila faida. Ncha za shokapu zisielekezwe kwako wala kwa mtu mwingine, hata wakati unaamini kila kitu kimetulia. Kabla ya kufungua, chora alama kwa chaki au rangi kuonyesha mautingi, kibao na springi vilivyokaa, kwani kwenye magari mengi vina upande wake.

Sasa nati inatoka, na ndipo seti hii inapoonyesha thamani yake. Springi imebanwa, bega la rodi halikandamizwi na kitu, rodi inazunguka kwa kidole. Bila cha kuishika huwezi kufanya lolote kwa spana ya kawaida. Kwa soketi ya tundu, nati iliyosafishwa nyuzi inapanda kwa utulivu hadi juu. Ikianza kukaza katikati, usishindane nayo. Irudishe chini nusu mzunguko, nyunyiza mafuta, ipandishe tena, irudishe tena. Kurudisha kunausukuma unga wa kutu utoke kwenye nyuzi badala ya kujikusanya. Ni kazi ya dakika chache inayookoa biti.

Udhaifu wa kwanza wa seti za bei nafuu ni biti zenyewe. Biti laini inajisokota kama kamba. Ukiona kona zake zimeanza kulala upande, itoe mara moja kabla haijalika ndani ya tundu. Biti ngumu kupita kiasi nayo inakatika ghafla, na kipande kinabaki ndani ya rodi, na hapo umeongeza tatizo juu ya tatizo. Tafuta zilizoandikwa S2, chuma cha zana kinachostahimili mshtuko. Kama za kwenye seti hazina alama yoyote, tumia soketi za seti lakini biti nunua nzuri kando. Huu ndio mchanganyiko tunaoupendekeza kwa wenye bajeti ya kati: soketi za kawaida, biti bora.

Udhaifu wa pili ni racheti yenye kichwa wazi. Ili kuwe na tundu katikati, meno yake yamewekwa kwenye pete nyembamba yenye kipenyo kikubwa, na mpini huwa mfupi. Kwa kupandisha nati iliyokwisha kuachia, inafaa sana na inaharakisha kazi. Kwa kuvunja mshiko wa kwanza, haifai. Hatua ile ifanywe kwa spana ya ringi ndefu kwenye pembe sita za juu ya soketi. Mtengenezaji anaweza kupiga picha racheti ikiwa imefungwa kwenye nati yenye kutu, lakini meno yake hayajui picha. Spana ya mdomo nayo iepukwe hapo, kwa sababu pembe za juu za soketi ni fupi na spana ya mdomo inapanda na kuteleza.

Udhaifu wa tatu hauonekani dukani: mpini wa T wa kushikia biti. Mara nyingi ni mfupi, na mkono unaoshika hauna nguvu sawa na ule unaozungusha spana. Chomeka bomba fupi juu yake au tumia racheti ya kawaida yenye mpini wa cm 20 au zaidi. Na ukumbuke mkono upi ufanye nini: biti isimame, nati izunguke. Wengi, nati ikigoma, huanza kuzungusha biti kwa nguvu wakiwa wameishika nati. Mzigo ni uleule kwa hesabu, lakini biti inapozungushwa huku imeinama kidogo inapanda kwenye kona za tundu na kuzila. Ikisimama wima bila kusogea inadumu.

Kuna mbadala wa bure kwa baadhi ya watu. Soketi ya plagi ya mm 16 au 21 mara nyingi ina pembe sita za nje sehemu ya juu, na tundu lake la mraba la inchi 3/8 lina upana wa mm 9.5. Alenki ya mm 8 ina upana wa kama mm 9.2 kona kwa kona, kwa hiyo inapita, ingawa kwa kubanana. Za mm 7 na 6 zinapita kwa urahisi. Ondoa mpira wa ndani unaoshika plagi, weka soketi kwenye nati, pitisha alenki kupitia tundu la mraba, shika pembe za nje kwa spana ya ringi. Kwa nati ya mm 21 au 16 hiki ni kifaa kamili, na kama gari lako liko ndani ya saizi hizo huna sababu ya kununua seti nzima. Wenye nati ya 17, 18, 19 au 22 aghalabu hawana bahati hiyo.

Mshindani mkubwa wa seti hii ni mashine ya kufungulia nati kwa mapigo, ya upepo au ya betri. Inafaulu kwa sababu kila pigo ni fupi kiasi kwamba nati inasogea kabla rodi haijapata muda wa kuifuata. Kwa shokapu inayokwenda kutupwa, nati ikiwa na nyuzi safi, mashine inamaliza ndani ya sekunde na hatuna pingamizi. Tumia soketi nyeusi za mapigo. Zile zinazong'aa zinaweza kupasuka vipande. Lakini kwa shokapu inayorudi garini, kama unabadilisha mautingi au beringi tu, mashine ni mchezo wa hatari: ikishindwa kuvunja mshiko, rodi inazunguka kwa kasi ndani ya sili (pete ya mpira inayozuia mafuta), na kama nje yake ina chembe za kutu au mchanga, sili inachanwa na shokapu inaanza kuvuja mafuta. Hapo soketi za tundu ni bora bila ubishi. Kwa kukaza nati mpya, mashine isiguswe kabisa, hata kama shokapu ni mpya na mikono imechoka.

Tundu la heksi likishalika, seti imekwisha kazi na unahitaji njia nyingine. Jaribu kwanza biti ya Torx iliyo kubwa kidogo kuliko tundu, igongwe kwa nyundo mpaka ijichongee njia. Ikishindikana na shokapu ni ya kutupwa, vuta mpira wa vumbi juu, ishike rodi yenyewe kwa koleo la kubana la aina ya vaisgripu, na umalize kwa spana. Rodi iliyoshikwa hivyo ina makovu na haifai tena, maana kovu moja linaiharibu sili kwa mzunguko wa kwanza tu. Kwa shokapu inayorudi, funga rodi kwa mkanda wa mpira wa kushikia vichujio vya mafuta. Hauna nguvu nyingi lakini haukwaruzi. Hatua ya mwisho ni grainda au msumeno wa chuma: kata upande mmoja wa nati karibu na nyuzi bila kuzifikia, halafu pasua kwa tindo. Hii ifanyike springi ikiwa imebanwa na kibana kilichokaguliwa, macho yamefunikwa, cheche zikielekezwa mbali na springi, na bila kugusa vibana. Tochi ya gesi kwenye nati ya juu hatuikubali: mpira wa mautingi unaungua, nailoni inayeyuka, na chini yake kuna silinda ya mafuta, nyingi zikiwa na gesi yenye shinikizo.

Kwa bolti mbili za chini, zinazofunga shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu), seti hii haina nafasi yoyote, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupanga siku ya kazi kwa kuitegemea. Hizo ni bolti kubwa, kichwa cha mm 17 hadi 22, na adui yake ni kutu ya maji ya barabarani. Huko unahitaji soketi ya pembe sita, siyo ya pembe 12, ya inchi 1/2, na mpini mrefu wa cm 60. Uzito wa kilo 30 kwenye ncha ya mpini huo ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kama Nm 177. Kwenye magari mengi shingo ya bolti, chini ya kichwa, ina meno yanayouma kwenye chuma cha shokapu, kwa hiyo kichwa kishikwe kisisogee na nati ndiyo izungushwe. Ukizungusha kichwa, meno yanatanua tundu na bolti haitakaa imara tena. Nati ikishatoka, irudishe nyuzi chache mpaka ilingane na ncha ya bolti, ndipo ugonge. Nyundo ikitua kwenye nyuzi wazi zinalala na bolti haitapita. Kama moja ya bolti ina kamu ya kurekebisha mwelekeo wa gurudumu, chora alama kabla ya kuigusa, na gari lipelekwe kupimwa alaimenti baadaye kwa vyovyote. Nako ishikiliwe kwa jeki au ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye hozi ya breki.

Joto, ambalo tumelikataa juu, huku chini lina nafasi. Hita ya sumaku-umeme, ile yenye koili ya waya inayovishwa kwenye nati, inaifanya nati iwe nyekundu bila moto wazi, na ni chaguo bora kuliko tochi pale penye waya wa sensa ya ABS na mpira wa ekseli karibu. Nati ikishapashwa moto hivyo itupwe pamoja na bolti yake.

Mahali pengine ambapo seti inasaidia, na ambapo watangazaji wake hawapazungumzii vya kutosha, ni nati ya stabilaiza linki, kile kiungo kifupi kinachoshikilia fimbo ya stabilaiza ya kuzuia gari kulala upande. Pini yake yenye tufe la chuma inazunguka kama rodi ya shokapu, ina tundu la heksi la mm 5 au 6 au la Torx, na inakaa kwenye maji na tope. Kwenye magari ambayo linki imefungwa kwenye shokapu, lazima itoke kabla ya shokapu kutoka, kwa hiyo mara nyingi ndiyo nati ya kwanza kukusumbua siku hiyo. Soketi ya tundu ya mm 16, 17 au 18 inaikalia vizuri kuliko spana ya ringi iliyopinda, ilimradi ncha ya pini isitokeze sana. Magurudumu yote mawili ya mbele yawe juu, au yote chini, ili fimbo ya stabilaiza isiivute linki ukiwa unafungua.

Wakati wa kurudisha, soketi za tundu zina faida nyingine. Nati ya juu inayotumia nailoni, au iliyobanwa umbo kiwandani, ni ya kutumika mara moja, weka mpya. Ikaze kwa mkono kupitia soketi huku biti ikishika rodi, springi ikiwa bado imebanwa, mpaka mautingi na beringi zikae mahali pake. Torki kamili iangaliwe kwenye kitabu cha gari, kwani inatofautiana sana: nyingi ziko kati ya Nm 50 na 80. Spana ya torki ya kawaida haiingii kwenye soketi ya tundu kwa juu, kwa hiyo utahitaji kichwa cha ringi kinachofungwa kando ya mpini. Kichwa hicho kikikaa sawa na mpini kwa mbele, kinaongeza urefu na torki halisi inazidi ile inayosomeka. Kikikaa kwa pembe ya digrii 90, usomaji unabaki sahihi. Hakuna seti tuliyoikagua inayotaja jambo hili kwenye karatasi yake, nalo ni kosa.

Je, inunuliwe? Kwa mwenye gari ambalo rodi yake ina tundu la heksi au nyota na ambaye atabadilisha shokapu, mautingi au linki zaidi ya mara moja, ndiyo, na achague seti yenye soketi chache zenye chuma kizuri kuliko sanduku kubwa lenye vipande vingi visivyo na alama. Kwa kazi moja tu kwenye nati ya mm 21 au 16, soketi ya plagi inatosha. Kwa anayetupa shokapu nzima na kuweka mpya iliyokuja imeshafungwa pamoja na springi na mautingi yake, nati ya katikati haiguswi kabisa: unafungua nati ndogo za mautingi juu ya bodi, bolti za chini na linki, basi, na seti hii ingekufaa kwa linki peke yake.

Ukiwa dukani, toa soketi ya 21 au 22 na uitazame kwa juu: ukuta uwe na unene ulio sawa pande zote, tundu likae katikati kabisa, na biti ya mm 8 ipite bila kugusa. Kisha ivishe spana ya ringi kwenye pembe za nje na uitikise. Ikicheza, spana itateleza siku utakapoegemea kwa nguvu zote, kwa hiyo irudishe na uchague nyingine.